Kikohozi cha Rehema

Jirani yangu alikuwa anamfukiza mjukuu wake mafua. Alichemsha majani ya mkaratusi kwenye sufuria kubwa uani, akamfunika mtoto kwa blanketi, na mvuke ukavuka ukuta ukaingia chumbani kwangu bila hodi. Nilikuwa nakunja nguo. Niliziacha kitandani, nikatoka kwenda kusimama barabarani mpaka harufu ile ikaisha. Waliopita walinisalimu, shikamoo mama, nikawaitikia marahaba, na hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nimemkimbia mtoto wa miaka sita.

Mtoto huyo si mjukuu wa jirani, ni mdogo wangu, Rehema. Nilimzidi miaka mitatu. Tulikulia Mtoni, Temeke, kwenye nyumba ya vyumba sita ambamo sisi tulipanga viwili. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo. Kwao ni Makete, juu milimani, kunakolimwa viazi, ngano na pareto. Mama alikuwa mtu wa Kilwa, mtu wa joto na nazi, na kila Baba alipoanza kusimulia habari za kwao, Mama alijifunika kanga mabegani kama vile baridi ya maneno yale inamfikia pale alipoketi.

"Kule kwetu," Baba alituambia, "asubuhi ukiamka unakuta nyasi zote nyeupe. Barafu imelala juu yake."

Sisi barafu tuliyoijua ni ile ya ukwaju, iliyouzwa nyumba ya nne kutoka kwetu, nyumba pekee ya mtaa mzima yenye jokofu. Kwa hiyo niliamini kwamba watoto wa kwao Baba huamka asubuhi wakapiga magoti uwanjani na kulamba nyasi bure, mpaka washibe. Nikamweleza Rehema. Naye akaamini, maana kila nililomwambia aliliamini. Tulipanga kwamba siku tukienda tutabeba kopo lenye mfuniko, tuijaze tumletee Mama.

Rehema alikuwa mtoto wa kuchoka. Tukicheza rede, alirusha mpira mara mbili tatu, kisha anajikalia chini katikati ya mchezo, anapumua kwa mdomo, huku wenzake wakipiga kelele atoke njiani. Tulimwita Bibi Kizee. Kuna siku Mama alimpeleka kliniki, nami nikafuatana nao. Nesi alimwekea kifuani ule mpira wa kusikilizia, akakaa nao muda mrefu kuliko kwa watoto wengine, akauhamisha, akasikiliza tena. Akamwambia Mama, "Moyo wa huyu mtoto una mlio. Akikua kidogo mleteni apimwe hospitali kubwa." Tulirudi nyumbani. Mama akapata ujauzito, sukari ikaadimika, foleni za duka la ushirika zikawa za kuanzia alfajiri, na habari ya mlio ikawekwa pembeni. Ila mimi sikuisahau. Nilifikiri mlio ni kama wimbo. Mara nyingi Rehema akilala mchana nililaza sikio langu kifuani kwake nisikie ni wimbo gani. Nilisikia kitu kama mtu anayefagia ua, taratibu, kwa mbali.

Ndugu yetu mchanga alipokuwa na wiki mbili, ikaja telegramu. Mama yake Baba alikuwa mgonjwa sana, na alitaka awaone wajukuu wake kabla hajafumba macho. Alikuwa hajatuona hata mara moja. Baba akaomba likizo kiwandani, akapewa. Mama alikuwa hajatimiza arobaini, hawezi kusafiri na kichanga, basi ikaamuliwa Baba aende na sisi wawili.

Shida ikawa kikohozi. Rehema alikuwa ameugua mafua na kifua kwa zaidi ya wiki. Mama alimpa asali na tangawizi na ndimu, homa ikaondoka, lakini kikohozi kikabaki, kile cha asubuhi na cha akicheka. Mama akasema wazi mbele yetu: "Baba watoto, huyu kama hajapona kifua haendi. Baridi ya kwenu mie naisikia kwenye hadithi tu, na inatosha."

Baba akajibu, "Sawa. Hajapona, haendi."

Nilielewa mara moja kwamba Rehema asipokwenda, huenda nami nitabakizwa nimsaidie Mama kazi. Nilitaka kwenda. Nilitaka kupanda basi, nilitaka kuona milima, nilitaka ile barafu ya bure. Nikamchukua Rehema nyuma ya choo nikamfundisha. Kikohozi kikija, ameze mate mara tatu. Kikikataa, akimbilie chooni, ajizibe mdomo kwa gauni. Alijifunza vizuri kuliko nilivyotarajia. Siku tatu nzima alikuwa akikaza midomo, macho yanajaa machozi, ananitazama mimi, na mimi natikisa kichwa: bado, bado, kimbia sasa.

Siku ya kuamkia safari Mama aliniita. Alikuwa ananyonyesha.

"Wewe ndiye unayelala naye. Bado anakohoa?"

"Hakohoi, Mama."

"Hata asubuhi?"

"Hata asubuhi."

Mama alinitazama, kisha akamtazama mtoto kifuani kwake. Akasema, "Haya. Mkamwone bibi yenu."

Safari ile ilikuwa ya siku mbili. Siku ya kwanza basi lilipita Morogoro, likaingia milimani, na masikio yangu yakaziba yakazibuka kwa mlio kama wa kizibo. Tulilala Makambako. Siku ya pili tukafika Njombe, na kutoka Njombe tukapanda lori lililokwenda kuchukua magunia ya pareto. Lile lori lilipanda tu. Kila tulipodhani tumefika juu, tunakata kona tunaona mlima mwingine umekaa unatusubiri. Rehema alitapika mara mbili. Utingo akasema, "Ni gari hilo, wa pwani hawa hawajazoea." Baba akacheka, akampakata. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona Mtoni. Alinyoosha kidole kuonyesha shule aliyosoma na mto aliovuka, akasema na wapita njia kwa lugha ya kwao. Jana asubuhi tulikuwa usawa wa bahari. Leo jioni mawingu yalikuwa chini yetu.

Bibi alikuwa amelala kwenye nyumba ya moto, karibu na mafiga, mwembamba kama ufito. Alitushika mikono yetu, mmoja mmoja, akainusa. Aliyetupokea hasa ni Shangazi, dada mkubwa wa Baba, mwanamke wa maneno machache mwenye mashavu mekundu ya baridi. Alitupa viazi vya moto. Mimi nilikula. Rehema alisema kichwa kinamuuma, akajikunja kwenye blanketi.

Asubuhi nilimwamsha mimi. Baba alikuwa amesema kweli. Uwanja mzima, mpaka mteremko, mpaka kilima cha pili, ulikuwa mweupe. Wenyewe wanaita sakitu. "Rehema, amka! Amka tuwahi kabla jua halijaila!" Alisema kichwa bado. Nikamvuta mkono. Tukatoka pekupeku, nyasi zikituchoma nyayo, nikamwambia kule juu kilimani ndiko iko nyingi, tukimbie. Tukakimbia. Alikuja nyuma yangu, akakaa chini, akainuka, akaja tena. Sasa hapakuwa na Mama wa kumficha, basi akakohoa waziwazi, kwa nguvu, kama anayelipa kikohozi cha siku zote zile. Kule juu nilikwangua sakitu kwa kucha, nikampa kiganjani, akalamba.

"Haina sukari," alisema.

"Lamba tena."

Akalamba tena kwa ajili yangu. Kisha akasema anataka kurudi kwa Mama, akalala pale pale kwenye nyasi. Nilidhani amenuna. Nilidhani amenikasirikia kwa sababu nilimuahidi barafu tamu nikampa maji yaliyoganda. Nilikasirika na mimi, nikamwambia anune tu, akilala hapo nitamwacha. Nikamwacha, nikashuka hatua kama ishirini, nikageuka nimwone akinikimbilia. Hakuja. Nilirudi nikambeba mgongoni, na nilipokuwa nashuka naye nilisikia pumzi zake sikioni mwangu, fupifupi, nyingi, kama za kuku uliyemfukuza.

Siku ile hakula. Alisinzia, na akiamka alisema maneno yasiyoungana. Shangazi alimwekea mkono kifuani, akamwambia Baba kwa Kiswahili ili nami nielewe, au labda kwa sababu maneno hayo yalikuwa mazito kwa lugha ya nyumbani.

"Huyu ni mtoto wa bondeni. Mpunga ukiupanda huku hauoti. Mteremshe."

"Ni mafua tu, dada. Kifua kilikuwa kinamsumbua, mama yake akasema kimepona."

"Sijasema mafua si mafua. Nimesema mteremshe. Nimewaona walioletwa hivi kutoka ziwani kule chini, wamepakiwa kwenye gari asubuhi na jioni wako hapa. Wakubwa wanaumwa kichwa. Watoto wenye vifua vibovu ndio hao tunaowazika."

Baba alitazama kule alikolala mama yake. Hata mimi, kwa akili zangu za miaka tisa, niliona jinsi alivyokatwa vipande viwili. Mama yake alikuwa anakata roho taratibu, na alikuwa amemngoja. "Lori linarudi kesho kutwa," Baba alisema. "Tumfukize kwanza. Akipata joto atakaa sawa."

Wakachuma majani ya mkaratusi. Wakamkalisha Rehema mapajani mwa Baba, sufuria mbele yao, wakawafunika wote wawili kwa blanketi zito. Nilikaa nje ya blanketi nikiangalia nundu ile moja iliyokuwa baba yangu na mdogo wangu, nikisikia Baba akisema, "Vuta, mama. Vuta pumzi. Vuta tena." Kutoka mle ndani kikohozi kilitoka kikiwa na majimaji, kama uji unaoanza kuchemka. Nilifungua mdomo niseme. Nilitaka kusema, Baba, kikohozi hakikuwahi kupona, mimi ndiye nilimfundisha kukimeza. Lakini niliogopa kuchapwa. Ndiyo sababu yenyewe, sina nyingine nzuri zaidi. Niliogopa fimbo.

Asubuhi iliyofuata midomo ya Rehema ilikuwa na rangi ya zambarau, na kucha zake pia. Baba hakungoja lori. Alimfunga mgongoni kwa kanga ya Shangazi kama wanavyofanya wanawake, akaagana na mama yake kwa kumgusa paji la uso, akanishika mkono, tukaanza kuteremka kwa miguu kwenda zahanati iliyokuwa bondeni. Baba alikuwa anakimbia na hakimbii. Anakwenda ule mwendo wa mtu anayeogopa kujikwaa. Tulishuka asubuhi nzima. Mahali fulani, miti ilipoanza kuwa mirefu na hewa ikapata joto kidogo, Rehema aliinua kichwa. Aliniona. Akasema, "Dada, sijanuna."

Ndivyo alivyosema. Nikamwambia najua. Baba akasema, "Mnaona? Anaongea! Tunakaribia, mama, tunakaribia." Akaongeza mwendo.

Zahanati ilikuwa na baraza refu la saruji. Tabibu alitoka mbio alipomwona Baba, wakamfungua Rehema mgongoni, wakamlaza pale pale barazani kwa sababu ndani palikuwa mbali mno. Tabibu alimsikiliza kifua. Alisikiliza muda mrefu, kama yule nesi. Lakini safari hii alipouondoa mpira hakusema mleteni akikua. Alisema, "Pole, mzee." Baba hakuwa mzee. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo. Kwenye karatasi tabibu aliandika nimonia.

Tulimzika kule kule juu, kwao Baba. Siku tano baadaye Bibi naye tukamzika.

Kurudi kwetu Mtoni nakukumbuka kwa kitu kimoja. Ilikuwa mchana. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, mtoto mapajani. Telegramu tuliyomtumia ilikuwa haijafika. Ilikuja siku mbili baada yetu. Akatuona tunakuja, Baba na mimi. Akatabasamu, kisha akainama kidogo upande, kutazama nyuma ya Baba, kama mtu anavyotazama mtoto aliyebaki nyuma akichezea mchanga. Akatazama nyuma yangu. Akatazama tena nyuma ya Baba. Baba akaketi chini kwenye vumbi, hapo hapo alipokuwa, mbali na mkeka.

Ndugu za Mama walikuja kutoka Kilwa. Wao walisema mtoto amerogwa, kwamba yule bibi alikuwa anakufa akataka kwenda na mtu. Mama hakusema uchawi. Mama alisema neno moja tu, akalisema mara moja, siku ya arobaini ya msiba, watu wakiwa wamejaa uani: "Nilikwambia kifua." Baba akainamisha kichwa. Waliendelea kuishi nyumba moja, wakazaa mtoto mwingine, wakazeeka. Lakini Baba hakukanyaga tena kwao. Akiulizwa kwa nini, alisema huko ndiko alikomuua mtoto wake. Alilisema hilo mbele ya wageni, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja kabila lake. Nami nilikuwa nipo, naandaa chai, nagawa vikombe.

Miaka ikaenda. Binti yangu, mwalimu, alipata uhamisho kwenda nyanda za juu, na mtoto wake mdogo alikuwa anakohoa. Nilizuia safari. Nilipiga makelele mpaka mkwe akanishangaa. Wakanipeleka kwa daktari wa watoto ili anitulize, mama mmoja mpole, nami nikamweleza kila kitu kama vile ninamuulizia mtoto wa jirani.

Daktari alisikiliza hadi mwisho. Akaniambia kwamba juu kule hewa ni nyepesi, na mwili huhitaji siku kadhaa kuizoea, hivyo mtu wa pwani anatakiwa apande kwa vituo, apumzike njiani, asikimbie siku za kwanza. Akaniambia mtoto mwenye kifua ambacho hakijapona yuko hatarini zaidi, na mwenye tundu kwenye moyo zaidi ya huyo, na kwamba ule mlio aliousikia nesi huenda ndio ulikuwa tundu. Mapafu yanaweza kujaa maji. Watu wakidhani ni nimonia tu, wanamfunika, wanawasha moto, wanangoja, kumbe dawa ya kwanza ni kumshusha. "Na watoto wadogo hawajui kusema wanavyojisikia, mama. Wanasinzia, wanakataa kula, wanalialia. Mtu anaona amechoka au amedeka."

"Au amenuna," nikasema.

"Au amenuna," akakubali. Kisha akasema hawezi kuapa, hakuwepo, huenda ingekuwa nimonia kweli. Aliniuliza kama huyo mtoto wa jirani alikuwa ndugu yangu. Nikamjibu ndiyo.

Baba alikuwa ameshafariki. Nilikwenda kwa Mama, sasa anakaa Kipawa kwa yule mdogo wangu wa kiume aliyekuwa kichanga. Nilimkuta anachambua mchele, uso karibu na ungo kwa sababu ya macho. Nilimsalimu, nikakaa chini, nikamwambia. Nilimwambia habari za nyuma ya choo, za kumeza mate mara tatu, za "hata asubuhi." Nilimwambia nilidanganya, na kwamba Baba hakujua, amekufa hajui.

Mikono yake haikusimama. Aliendelea kuchambua, akatupa kijiwe kimoja, cha pili.

"Nilikuwa namsikia," alisema.

Sikumwelewa.

"Mie ni mama, mwanangu. Chumba na chumba, ukuta wa udongo. Nilikuwa namsikia akikohoa chooni, nilikuwa namsikia asubuhi. Nilikuuliza wewe ili uniambie hakohoi. Nilikuwa nimechoka. Mtoto halali, titi limepasuka. Nikasema, wakienda hawa wote, nitapata siku kumi za kulala. Siku kumi tu."

Tulikaa. Mdogo wangu alipita na baiskeli, akatuchungulia, akaona si mahali pa kuingia, akaenda zake.

"Na nikamwambia mbele za watu," Mama alisema. "Nilikwambia kifua. Nilimwambia yeye."

Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza miaka yote ile. Akaniuliza Rehema alizikwa na nini, alifunikwa kitu gani, maana yeye alimpakia magauni mawili mepesi na sweta la kuazima. Nikamweleza kwamba Baba alivua koti lake, lile zito, la pekee alilokuwa nalo, akamvika yeye mwenyewe mikono yote miwili na kufunga vifungo vyote, na Shangazi alipomwambia mtoto hasikii tena baridi, Baba akamwinulia na kola.

Mama aliweka ungo chini.

"Kwa hiyo yeye alirudi na shati tu?"

"Na shati tu."

"Kwenye lori? Kwenye baridi ile?"

"Ndiyo, Mama."

"Alikuwa anatetemeka?"

Nikamwambia ndiyo, alikuwa anatetemeka njia nzima, mpaka tulipofika Morogoro.